Wasomaji Wauliza: Sanaa ya Nairobi imewekwa wapi?

Mhariri, hujambo. Nataka kuwaleta wanafunzi wangu wa gredi ya saba mjini waone sanaa ya Kiafrika kwa siku moja, bila kukodi basi kutwa nzima. Nianzie wapi? (Mwalimu, Kayole)

Mwalimu, anzia Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Moi Avenue, karibu na iliyokuwa hoteli ya Hilton. Nairobi nzima hupanga kukutana "pale Archives", kisha watu wakaenda zao bila kuingia ndani. Ukumbi wa Murumbi uko ghorofa ya chini, na humo mna vinyago, nguo, silaha na vito vya pembe nyingi za Afrika. Jengo lenyewe lilikuwa la National Bank of India, benki ambayo baada ya kuungana na nyingine, na serikali kununua hisa mwaka 1970, ikawa Kenya Commercial Bank. Waonyeshe watoto nguzo za mbele. Benki ya enzi ile ilitaka mwenye pesa aamini kuwa jumba halitikisiki.

Mwenye mkusanyo huo alikuwa Joseph Murumbi, mzaliwa wa 1911, baba Mgoa na mama Mmaasai. Alikuwa waziri wa mambo ya nje, kisha mwaka 1966 Makamu wa Rais wa pili wa Kenya, na akajiuzulu mwaka huohuo. Mwaka 1972 yeye na Mmarekani Alan Donovan wakaanzisha African Heritage, duka na ukumbi wa sanaa ya bara zima. Nyumba ya Murumbi na mkewe Sheila huko Muthaiga iliuzwa kwa serikali, pamoja na sehemu kubwa ya walivyokusanya, kwa nia ya kuifanya kituo cha taaluma za Kiafrika. Nyumba ikaachwa ikachakaa, ikabomolewa, miti ikakatwa na shamba likagawanywa viwanja. Hasara hiyo bado inauma. Leo vitabu vyake vilivyochapishwa kabla ya 1900, zaidi ya 8,000, pamoja na sehemu ya vinyago, viko Archives. Sehemu nyingine iko Nairobi Gallery. Waeleze wanafunzi jambo hili kabla hamjatoka shuleni, maana aliyeona jumba moja tu kati ya hayo mawili hajauona mkusanyo wote.

Kutoka Archives fuateni Moi Avenue hadi Kenyatta Avenue, pindeni kushoto, mwende hadi inapokutana na Uhuru Highway. Kwa mwendo wa watoto, na kuvuka barabara kwa foleni, tenga nusu saa. Njiani simameni kwenye sanamu za shaba za askari na wapagazi Waafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Maandishi yake yapo kwa Kiswahili pia, na mtoto anaweza kuyasoma mwenyewe. Nairobi Gallery ni lile jumba la mawe lililo kando ya Nyayo House.

Peleka barua ofisi zote mbili wiki mbili kabla. Usichague Jumapili, Archives hufungwa. Gawa darasa kwa makundi ya watoto 15, wabebe penseli wala si kalamu za wino, na mikoba ibaki mlangoni. Kisha mpe kila mtoto kifaa kimoja tu akichunguze kwa dakika kumi: kimetengenezwa kwa kitu gani, vipande vimeunganishwaje, na mkono wa mtumiaji umekilainisha wapi. Darasa linalokimbizwa mbele ya vifaa mia mbili halikumbuki hata kimoja.

Nasomea usanifu majengo. Ofisi ya zamani ya PC (mkuu wa mkoa), ambayo sasa ni Nairobi Gallery, ilijengwa 1913 kwa kazi za serikali. Je, inafaa kweli kuwekea sanaa, au imebakizwa kwa ajili ya historia tu? (Mwanafunzi, Juja)

Inafaa kwa mambo fulani, na kwa mengine inawasumbua walinzi wake kila siku. Kwanza historia kwa ufupi: humo ndimo vizazi, ndoa na vifo vya wakazi vilimoandikishwa, na hapo ndipo inapohesabiwa kilomita sifuri ya barabara za nchi. Sasa ni jengo la turathi ya kitaifa chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, na Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 hairuhusu mtu kuligeuza bila idhini.

Kuta nene za mawe ni neema. Joto la mchana hupenya polepole na baridi ya usiku vilevile, kwa hiyo mbao na turubai za michoro hazitanuki na kusinyaa kwa ghafla. Mabadiliko ya ghafla ndiyo hupasua kinyago na kubandua rangi ya mafuta, kuliko hata joto lenyewe. Unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55, usioyumba, ndio hutafutwa.

Madirisha ndiyo shida. Ofisi ya 1913 ilihitaji mwanga wa jua mezani. Nguo iliyotiwa rangi, karatasi na picha za rangi ya maji hazivumilii zaidi ya laksi 50 (laksi ni kipimo cha ukali wa mwanga). Jua kali la adhuhuri hufika laksi 100,000. Piga hesabu: laksi 50 kwa saa 8, siku 365, ni laksi-saa 146,000. Kitambaa kikipigwa na jua hilo kwa saa moja na nusu tu, kimekwisha kula mwanga wa mwaka mzima. Na rangi iliyopauka hairudi. Rangi ya mafuta huvumilia laksi 200 hivi, mawe na chuma zaidi ya hapo. Basi ukikuta chumba cha nguo kina giza na dirisha limezibwa, usilaumu umeme.

Halafu kuna ukuta wenyewe. Mawe ya zamani yaliyojengwa kwa chokaa hupumua: unyevu huingia na kutoka kupitia viungo. Fundi akiziba viungo hivyo kwa saruji, maji hukosa njia, hutokea kwenye jiwe lenyewe, chumvi huganda chini ya uso wake na jiwe huanza kubanduka magamba. Kiraka sahihi ni kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga, kikikaushwa taratibu chini ya gunia bichi. Picha haipigiliwi kwenye jiwe. Huning'inizwa kwa waya kutoka reli ya juu, na huachiwa nafasi ya sentimita mbili au tatu nyuma yake ili hewa ipite. Miezi ya masika, picha iliyogusana na ukuta wa nje huota ukungu mgongoni kabla hujauona mbele.

Ukienda, chukua pia dakika tano kwenye maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa 1931, karibu na msikiti wa Jamia. Linganisha nguzo zake na za Archives.

Kwa nini tunakatazwa kupiga picha kwa mwanga wa simu? (Msomaji, Lang'ata)

Mwanga wa simu huongeza kidogo sana juu ya taa za chumba. Sababu kubwa ni usumbufu kwa wengine, watu kurudi kinyumenyume hadi kugonga vifaa, na haki ya msanii, ambayo hapa Kenya hudumu miaka 50 baada ya kifo chake. Kupiga na kuchapisha ni mambo mawili. Uliza kuhusu yote mawili.

Kinyago cha marehemu babu kinatoa unga mweupe kwenye matundu madogo. Nimeambiwa nikipake mafuta ya taa. (Msomaji, Umoja)

Pole kwa msiba, na usikipake. Mafuta ya taa hutia doa, huyeyusha rangi ya kiatu ambayo mafundi wengi hupaka juu, na hayafiki kwenye kina alipo dumuzi, mdudu atoboaye mbao na kuacha unga huo. Makumbusho hutumia baridi, nawe unaweza. Pangusa unga kwa brashi laini. Kifunge kinyago kwa kitambaa cha pamba, kisha kwa nailoni nzito isiyopitisha hewa, ukitoa hewa yote uwezayo. Kiweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi zaidi kwa wiki mbili. Ukikitoa, kiache ndani ya nailoni siku nzima, vinginevyo unyevu wa hewa utageuka matone ya maji juu ya mbao baridi na kuuharibu uso wake. Usifanye hivi kwa kitu chenye pembe za ndovu, gamba, shanga zilizogundishwa au rangi ya mafuta. Baadaye kiweke juu ya karatasi nyeusi, mbali na vingine, na ukiangalie kila wiki kwa miezi mitatu. Matundu ya zamani hayana neno. Unga mpya ukionekana, rudia friza.