Maswali na majibu: Kibofu kinapokosa amri ya ubongo

Baba yangu huyumba akitembea, presha yake hushuka akisimama, na mkojo hautoki vizuri. Tumeshauriwa afanyiwe upasuaji wa tezi dume. Tukubali? (Msomaji, Kasarani)

Nawasihi msikubali kabla hajaonwa na daktari wa neva, kwa kuwa dalili hizo tatu zikiandamana, tezi huenda haina hatia. Katika shina la ubongo, sehemu iitwayo ponsi, lipo kundi la seli za neva lililoelezwa na Frederick Barrington mwaka 1925 alipowachunguza paka. Ndilo linalokiamuru kibofu kikaze huku mlango wake ukilegea. Katika maradhi ya atrofia ya mifumo mingi, yaani kunyauka kwa sehemu kadhaa za ubongo, ambamo protini ya alfa-sinukleini hurundikana ubongoni, seli hizo hufa, na pamoja nazo hufa seli za kiini cha Onuf, chini kabisa ya uti wa mgongo, ambazo kazi yake ni kuubana mlango huo. Ndiyo maana mgonjwa hushindwa kuutoa mkojo wote na papo hapo hushindwa kuuzuia. Akikatwa tezi, aghalabu haponi, na huenda akavujwa na mkojo kuliko awali. Ombeni apigwe picha ya ultrasaundi mara tu baada ya kukojoa: mkojo unaobaki ukizidi mililita 100, pamoja na dalili mlizozitaja, maradhi haya yashukiwe.

Mama ana ugonjwa wa Parkinson na huamka kukojoa mara nyingi usiku. Je, ni hayo hayo? (Msomaji, Embakasi)

La. Katika Parkinson dopamini, kemikali ya ubongo ambayo kwa kawaida hukituliza kibofu, hupungua, nacho hukaza kabla hakijajaa. Kiini cha Onuf kwa kiasi kikubwa husalimika. Apunguze vinywaji jioni, wala si mchana kutwa, na awekewe chombo cha haja ndogo kando ya kitanda, kwa sababu safari za gizani kwenda chooni huvunja wazee nyonga. Akiandikiwa oksibutinini, dawa ya kukituliza kibofu, muulizeni daktari kuhusu mirabegroni, dawa nyingine ya kazi hiyo hiyo, kwani ile ya kwanza huweza kuwavuruga wazee akili.

Mpira wa mkojo ukishawekwa, hautoki tena? (Msomaji, South B)

Si lazima. Mkojo unapobaki mwingi, njia inayopendelewa ni kuingiza mpira safi mara kadhaa kwa siku na kuutoa, kazi ambayo mgonjwa au mlezi wake hufundishwa na muuguzi. Akipata homa au mkojo ukichafuka, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.