Kiumbe wa Frankenstein anamlaumu aliyemtengeneza: je, hoja yake inamgusa Mola wetu?

SWALI: Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sheikh, mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu, nasomea fasihi. Muhula huu tumepangiwa Frankenstein, riwaya ya Mary Shelley, kuhusu kijana msomi anayeunga viungo vya maiti na kukitia uhai alichokiunga. Mwenzangu wa bweni ananiambia kuisoma ni kuingia katika shirki, kwani kuumba ni kwa Mwenyezi Mungu peke yake. Lakini kinachoninyima usingizi ni jingine. Kiumbe yule anasema alianza akiwa na moyo mwema, watu wakamchukia kwa sura yake, aliyemtengeneza akamtupa, ndiyo maana akaua. Nilimwonea huruma, kisha nikaogopa: je, lawama hiyo haimfikii Mola wetu aliyetuumba bila kutuuliza? Naomba mwongozo wako, na mtihani nao unakaribia.

JIBU: Wa alaykumu s-salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake.

Binti yangu, la mwenzio ni jepesi, nianze nalo. Wanazuoni wana kauli mashuhuri: mwenye kunukuu ukafiri si kafiri. Qur'ani yenyewe imehifadhi maneno ya Firauni, "Mimi ndiye mola wenu mkuu" (An-Naazi'aat 79:24), na imamu anayasoma kwa sauti nasi tuko nyuma yake tunaswali. Visa vya kubuni navyo si vigeni kwetu. Kalila na Dimna kilisomwa Baghdad, na Maqamat za al-Hariri zimesomeshwa na wanazuoni wa lugha kwa karne nyingi.

Isitoshe, Victor Frankenstein hakuumba chochote. Alikusanya vipande kutoka makaburini, vyumba vya kupasulia maiti na machinjioni, akaviunga. Katika hadithi qudsi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mwenyezi Mungu anawaambia wanaojaribu kuumba mfano wa uumbaji wake: basi na waumbe sisimizi, au punje, au shayiri. Aliyeanza na mifupa ya watu wengine hajaifikia hata hiyo punje. Ana dhambi nyingine hapo, ya kuvunja heshima ya wafu, kwani Mtume (s.a.w.) amesema kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja akiwa hai.

Sasa swali lako lenyewe. Mary Shelley alianza kuandika mwaka 1816, karibu na ziwa la Geneva, akiwa na miaka 18. Percy, aliyekuja kumwoa mwishoni mwa mwaka huo, alikuwa amefukuzwa Oxford mwaka 1811 kwa sababu ya kijitabu kilichotetea ukanaji Mungu. Kwa hiyo hukukosea kuhisi kwamba swali kuhusu Muumba limo humo ndani. Kitabu kilipotoka London mwaka 1818, bila jina la mwandishi, ukurasa wake wa kwanza ulibeba mistari ya utenzi wa Milton, mshairi wa Kiingereza wa karne ya 17, ambapo Adam baada ya kukosa anamuuliza Muumba wake: kwani nilikuomba unifinyange kutoka udongoni? Na kiumbe yule anausoma utenzi huohuo akiwa mafichoni, kisha anamwambia Victor: nilipaswa kuwa Adam wako, lakini nimekuwa kama malaika aliyeanguka.

Lawama hiyo ina nguvu, nami nakubali ina haki, ila angalia anayelaumiwa ni nani. Musa (a.s.) alipoulizwa na Firauni, "Mola wenu ni nani?", alijibu: "Mola wetu ni yule aliyekipa kila kitu umbo lake, kisha akakiongoza" (Taha 20:50). Kuumba na kuongoza vimekuja pamoja. Adam alipoumbwa alifundishwa majina ya vitu vyote, malaika wakaamrishwa kumsujudia, akapewa mwenza na makazi, na alipoteleza alipokea kwa Mola wake maneno ya kutubia (Al-Baqara 2:31-37). Victor je? Kiumbe alipofungua macho, usiku wa Novemba, yeye alikimbilia chumbani kwake. Alipofuatwa hadi kitandani na kunyooshewa mkono, akakimbia tena. Hakumpa hata jina. (Wengi humwita kiumbe "Frankenstein", na hilo ni jina la ukoo wa aliyemtupa.) Lugha yenyewe kiumbe alijifunza kwa kuchungulia familia ya watu wengine kupitia ufa wa ukuta.

Basi ile ni kesi ya kiumbe aliyetelekezwa dhidi ya mwanadamu aliyetelekeza. Huwezi kuibeba vilevile ukamfungulia Yeye aliyesema: "Mola wako hakukuacha wala hakukuchukia" (Adh-Dhuha 93:3), akataja baada yake yatima aliyepewa makazi. Huruma yako haina ubaya wowote. Mtoto aliyetupwa anaonewa huruma hata kama amekuwa mkubwa wa kutisha.

Lakini huruma haifuti dhambi. Yule kiumbe alimnyonga William, mtoto mdogo, akijua ni wa ukoo wa adui yake. Kisha akachukua picha aliyokuwa nayo mtoto akaificha katika nguo ya Justine, msichana wa kazi aliyekuwa amelala, ili kesi imwangukie yeye. Mtu aliyezidiwa na uchungu hapangi hivyo. Iblis alipokosa alimgeuzia Mola wake: "Kwa kuwa umenipotoa" (Al-A'raf 7:16). Adam na mkewe walisema: "Mola wetu, tumejidhulumu nafsi zetu" (7:23). Wote walikuwa na la kueleza, na kiumbe yule kwa muda mrefu aliifuata kauli ya kwanza.

Na ukiniuliza dhambi kubwa ya Victor, sitakutajia maabara. Nitakutajia mahakama. Justine alishtakiwa kwa mauaji ya William, Victor akahudhuria kesi akiwa na yakini kwamba Justine hana hatia, akanyamaza. Udhuru wake: wangemdhania mwendawazimu. Binti yule alitishwa na padri aliyemwungamisha mpaka akakiri uongo, akanyongwa. (Katika fiqhi yetu kukiri kwa kulazimishwa hakuna nguvu, na ukurasa ule unaonyesha sababu.) Mwenyezi Mungu anasema: "Wala msifiche ushahidi, na atakayeuficha, hakika moyo wake una dhambi" (Al-Baqara 2:283). Hakuhitaji kuaminiwa, alihitaji kusema. Wasomaji wengi hupita hapo haraka kwenda kwenye mazimwi.

Kisha soma tena kurasa za mwisho, pale melini kwenye barafu. Victor anakata roho akisema ameutafakari mwenendo wake wa nyuma na hauoni kuwa wa kulaumiwa. Kiumbe anasimama juu ya maiti yake na kumwambia nahodha kwamba chuki ya nahodha kwake haiwezi kulingana na kiumbe anavyojichukia mwenyewe. Kwangu mimi muuaji ndiye aliyekuwa karibu zaidi na toba. Amekiri, amejuta. Lakini anaondoka kwenda kujichoma moto, kwa kuwa hakuna aliyemwambia juu ya yule mtu wa Bani Israil aliyeua watu 99, akamwendea mtawa, akajibiwa hana toba, akamuua naye akatimiza 100. Mwanachuoni mmoja ndiye aliyemwambia: nani atakuzuia na toba? Nenda mji fulani wenye watu wema. Alifia njiani, na rehema ikamchukua. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Kiumbe aliua watatu kwa mikono yake, na wa nne kwa hila.

Kuhusu mtihani, jibu kwa ushahidi wa kitabu. Aya peke yake mwalimu hataipa maksi. Na kama kulinganisha kunaruhusiwa, tafuta kisa cha Hayy bin Yaqdhan cha Ibn Tufayl, tabibu wa Andalus aliyefariki mwaka 1185. Humo pia yumo mtu asiye na mzazi, ambaye katika riwaya moja ya asili yake alitokana na udongo. Yuko kisiwani peke yake, lakini swala mmoja jike anasikia kilio chake na kumnyonyesha. Swala huyo anapokufa, Hayy anampasua kifua kwa mawe makali akitafuta kilichomtoka ili amrudishie. Anakuta moyo, na ndani yake chumba kitupu. Hapo anatambua kwamba aliyempenda hakuwa ule mwili, anauzika baada ya kumwona kunguru akimzika mwenzake, na anaanza kumtafuta aliyewaumba wote wawili. Victor alipasua maiti nyingi kuliko yeye, na hakuwahi kuuliza swali hilo.

Wallahu a'lam.