Kugeuza shati na kubadilisha shati

SWALI: Jambo sana Mwalimu. Tuko vijana wanne hapa Bukavu, tunaandika programu ya duka kwa lugha ya Java, na tumepatana kwamba majina yote ndani ya kodi, yaani maandishi ya programu, yawe ya Kiswahili. Sasa tumekwama kwenye metodi, kile kipande cha programu chenye kazi yake moja: yetu inachukua orodha na kutoa seti, mkusanyo usiorudia kitu. Mimi niliandika geuzaKuwaSeti. Mwenzangu anataka badilishaKuwaSeti. Wa tatu anataka badilishaMuSeti, kama tunavyosema nyumbani. Wa nne anacheka tu, anasema kompyuta haijui Kiswahili, tuweke lolote. Ukweli uko kwa nani? Na Map, tuiite ramani?

JIBU: Nianze na huyo anayecheka. Kompyuta haijui Kiswahili, kweli, na Kiingereza pia haikijui. Jina la metodi anaandikiwa mtu, yule atakayefungua kodi yenu mwaka ujao, saa nne za usiku, umeme ukiwa umerudi sasa hivi. Huyo ndiye tunayemtafutia neno.

Sasa vitenzi. Ukimwambia mtoto "geuza shati lako", atalivua na kulivaa upya, ule upande wa ndani utoke nje. Shati ni lilelile. Ukimwambia "badilisha shati lako", ataliacha hilo na kuchukua jingine. Kugeuza kunashikilia kitu kimoja: mkeka unageuzwa, samaki anageuzwa kikaangoni, na kigeugeu ni mtu yuleyule wa jana, maneno yake ndiyo yamepinduka. Kubadilisha kuna vitu viwili, kimoja kinatoka, kingine kinaingia. Nenda Nyawera kwa mkambisti na dola zako. Anakuhesabia faranga, na dola zinabaki kwake. Huwezi kuondoka na zote mbili, ingawa nimeshaona watu wakijaribu.

(Najua tunasema pia "kinyonga hubadili rangi" na kinyonga anabaki kinyonga. Lakini tazama kinachobadilika hapo: ni rangi, moja imekwenda na nyingine imekuja.)

Tukirudi kwenye duka lenu: metodi yenu inafanya nini hasa? Mnaipa orodha ya bidhaa zilizouzwa leo, nayo inaunda seti mpya na kutia humo kila bidhaa mara moja. Orodha inabaki ilivyokuwa. Basi haikugeuzwa, wala haikubadilishwa. Imenakiliwa. Atakayesoma geuzaKuwaSeti ana haki ya kuogopa kwamba orodha yake imeshapinduliwa, na marudio yote ya mauzo yamepotea. Kwangu mimi jina ni nakiliKatikaSeti.

Na hapo huyo wa tatu, wa "mu", anastahili kupigiwa makofi kidogo. Watu wa vitabu huwa wanakemea "mu" yetu ya Kivu, wanadai ni Kifaransa kilichovaa kanzu. Lakini mu- ni ya Kibantu tangu zamani, ni ndugu wa "humu" na "mle". Na hapa inafaa kuliko "kuwa", kwa sababu orodha haiwi seti. Vipengee vyake ndivyo vinavyotiwa ndani ya chombo kipya. Andikeni "katika" ili msomaji wa Mombasa naye aelewe, lakini fikra ilikuwa ya huyo kijana. Ninachokataa kabisa ni "badilisha kwenda seti", niliyoiona katika programu zilizotafsiriwa haraka haraka. Seti si mji wa Uvira, haiendewi.

Msidhani wanaoandika kwa Kiingereza wamelimaliza jambo hili kwao. Katika Smalltalk, lugha ya programu iliyozaliwa katika maabara ya Xerox PARC, Marekani, ukiiambia orodha asSet, kwa kawaida unapewa seti mpya kabisa. Katika Java, Arrays.asList haikupi kitu kipya cha kujitegemea. Inakupa dirisha la kutazamia safu ileile uliyoipa (array, vipengee vilivyopangwa kwa idadi isiyobadilika): ukibadili kipengee upande huu, kinabadilika na upande ule, na ukijaribu kuongeza kingine inakataa, kwa kuwa safu ya chini yake haina nafasi ya ziada. Neno ni lilelile "as", ahadi mbili. Nani anajua ni wangapi wameumia hapo. Kwa dirisha kama hilo Kiswahili kina neno jepesi, "kama": kamaOrodha. Unaitazama safu kama orodha, nayo imebaki safu.

Waandishi wa lugha ya Rust ndio waliopanga nyumba vizuri kwa mwanzo wa jina la metodi: as_ ni kutazama, to_ ni kunakili, into_ inakimeza kile cha kwanza, hukipati tena. Hiyo ya tatu ndiyo mkambisti wa Nyawera, na hapo ndipo "badilisha" inapopata kazi yake halali. Katika Java hamtaihitaji sana.

Na "geuza"? Itunzeni kwa kile kinachofanyika palepale, bila kitu kipya kuundwa, kama kupindua mpangilio ili wa mwisho awe wa kwanza. Lakini angalieni sarufi. Mnapoandika orodha.geuza(), mnaiamuru orodha igeuze kitu kingine. Mnachotaka ni ijigeuze yenyewe, kwa hiyo orodha.jigeuze(). Irabu ya mwisho ni e, kwa sababu amri yenye kiambishi cha mtendwa huishia hivyo: nipe, ilete, jigeuze. Vitenzi vya asili ya Kiarabu havigeuki mwishoni, "jibadili" inabaki "jibadili", ila vikishavaa mnyambuliko wa Kibantu vinatii: "jibadilishe".

Jambo moja si la lugha, lakini siwezi kulinyamazia. Mkiwa na aina tano za mikusanyo na kila moja ina metodi ya kunakili katika nyingine, mtaandika metodi ishirini. Java, tangu ilipoleta mikusanyo yake katika toleo la 1.2 mwaka 1998, inashauri njia nyingine: kila aina iwe na kiundaji (constructor, kile kinachounda kitu kipya cha aina hiyo) kinachopokea mkusanyo wowote. Tano badala ya ishirini, na ugomvi wa majina unapungua. Pia kumbukeni kwamba seti husahau hesabu. Ukitia maharage ya Kadutu katika seti, utajua yapo ya manjano na mekundu, hutajua makopo mangapi. Mkitaka hesabu ibaki, mnatafuta kile ambacho Smalltalk inakiita mfuko, na mimi ningekiita gunia.

Map isiwe ramani, tafadhali. Ramani ni ile ya Bukavu yenye ziwa na rasi zake. Map ya waandishi wa programu imetoka katika hisabati, ni kuoanisha kila ufunguo na thamani yake. Smalltalk na Python wanaiita kamusi, nami nawafuata: nakiliKatikaKamusi. Tofauti moja tu. Kamusi yetu ya karatasi huandika "kaa" wa baharini, "kaa" la moto na "kaa" kitako, kila mmoja na tarakimu yake ndogo. Collectors.toMap, metodi ya Java inayokusanya vitu katika Map, ikikutana na "kaa" wa pili inasimamisha kazi kwa hitilafu, isipokuwa mmeiambia mapema abaki yupi.