Maswali ya Wasomaji: Safari ya Ndege Wakati wa Janga, Nani Mwenye Amri?

Tangu Ebola ilipotangazwa Kampala mwishoni mwa Januari 2025, meza hii imepokea barua za wasomaji wanaotaka kujua abiria ana haki gani na wajibu gani pale nchi zinapoanza kufungiana milango. Wengi bado wana kinyongo cha miaka ya Uviko-19, na mifano mingi katika majibu yetu inatoka huko, kwa sababu hakuna wakati mwingine ambapo kanuni hizi zilibana watu wengi kiasi kile.

Bwana Mhariri, mimi ni mfanyabiashara wa Arua na bidhaa zangu nanunua Dubai. Wakati wa Uviko-19 nilipimwa, nikapewa cheti kinachosema sina virusi, nikapanda basi usiku kucha mpaka Entebbe. Nilipofika kwenye kaunta, kijana wa shirika la ndege aliniambia kwamba cheti kimepitwa na saa, na ndege ikaniacha. Cheti kile kilitolewa na maabara iliyoidhinishwa na serikali yetu. Mfanyakazi wa ndege anapata wapi mamlaka ya kukikataa?

Ndugu yetu wa Arua, hasira yako ina msingi, lakini kijana yule hakuwa akibishana na serikali ya Uganda. Alikuwa akisoma masharti ya nchi uliyokuwa ukienda. Chini ya Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao ndio msingi wa usafiri wa anga duniani, na hasa Kiambatisho chake cha 9, shirika la ndege lina wajibu wa kuhakikisha kwamba abiria ana hati zinazotakiwa huko aendako kabla hajapanda. Likimpeleka mtu asiye nazo, nchi ile inaweza kulitoza faini, na shirika litalazimika kumrudisha mtu huyo. Ndiyo maana wafanyakazi wa kaunta hutazama kwenye kompyuta hifadhi ya taarifa iitwayo Timatic, inayoendeshwa na IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, na wakiona neno moja halilingani hawathubutu kukuruhusu. Anayeogopa faini hana muda wa kusikiliza maelezo, hata yawe ya kweli.

Kwa hiyo abiria wa wakati wa janga ana wenye amri watatu: nchi anayotoka, shirika linalombeba na nchi anayoingia. Akiwa anabadilisha ndege njiani, nchi ya katikati inakuwa mwenye amri wa nne, na yule mwenye sharti gumu kuliko wote ndiye anayeamua. Uganda yenyewe, ilipoufungua tena uwanja wa Entebbe kwa abiria tarehe 1 Oktoba 2020 baada ya kuufunga tangu Machi, ilitaka kipimo cha PCR kilichofanywa ndani ya saa 72, na baadaye ikakubali saa 120. Kwingine hesabu ilikuwa tofauti, na aliyetegemea kanuni ya nyumbani peke yake aliachwa.

Hebu tuitazame hesabu yenyewe, maana hapa ndipo wengi walipokwama. Kwa kawaida saa zilianza kuhesabiwa pale sampuli ilipochukuliwa puani, na si pale majibu yalipotoka wala pale cheti kilipochapishwa. Ukipimwa Jumatatu saa tatu asubuhi, saa 72 zinaisha Alhamisi saa tatu asubuhi. Ndege ya Alhamisi saa kumi alfajiri inakukuta na saa 67, na unapita. Ndege ya Alhamisi saa tisa alasiri inakukuta na saa 78, na unaachwa, ingawa kwenye karatasi siku zote mbili zinaitwa Alhamisi. Ongeza kwamba nchi nyingine zilihesabu mpaka wakati wa kuondoka na nyingine mpaka wakati wa kufika, kisha uone jinsi mtu anayetoka Arua, ambaye saa kadhaa zimeishia barabarani, anavyoanza safari akiwa tayari ana upungufu. Kwa maoni yetu, kanuni za namna hii ziliandikwa na watu wanaoishi karibu na uwanja wa ndege.

Jambo jingine ni jina. Pasipoti ina majina matatu, kliniki imeandika mawili na kuongeza "Hajji" mbele yake, na mashine inayosoma alama ya mraba kwenye cheti haijui kwamba huyo ni mtu mmoja. Dai jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti kabla hujatoka maabara. Tena, ukikataliwa kwenye kaunta, omba kwa upole kumwona msimamizi, na omba maandishi yanayoonyesha sababu na saa uliyokataliwa. Bila karatasi hiyo madai yako ya baadaye hayana miguu.

Na kuna nyakati ambapo hata cheti safi hakisaidii. Mwezi Juni 2021, Umoja wa Falme za Kiarabu ulisimamisha kuingia kwa abiria wanaotoka Uganda, na mwishoni mwa mwezi huohuo Uingereza ikaiweka Uganda kwenye orodha yake nyekundu, yaani ya nchi zilizowekewa masharti makali zaidi ya kuingia. Hapo kinachozuiwa ni mahali unapotoka, na afya yako haiulizwi.

Ndugu Mhariri, binti yangu alikuwa aende Brussels kusoma. Shirika la ndege lilifuta safari kwa sababu ya janga, likampa vocha badala ya fedha. Wakala wa tiketi hapa Jinja anasema vocha ndiyo sheria. Je, ni kweli?

Mama, si kweli, ikiwa shirika lenyewe ni la Ulaya. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inawahusu abiria wote wanaoondoka katika viwanja vya Ulaya, na pia wanaokwenda Ulaya kutoka nje ikiwa ndege ni ya shirika la Ulaya. Shirika likifuta safari, abiria huchagua kati ya kurudishiwa nauli ndani ya siku saba na kupangiwa safari nyingine. Vocha inaruhusiwa, lakini kwa sharti kwamba abiria ameikubali kwa saini yake. Tarehe 18 Machi 2020, mashirika yalipokuwa yakielemewa, Tume ya Ulaya ilitoa mwongozo uliosisitiza kwamba haki hiyo ya kuchagua haikufutwa na janga. Kilichoweza kuondoka ni fidia ya ziada inayolipwa juu ya nauli, kwa kuwa marufuku ya serikali huhesabiwa kuwa hali isiyo ya kawaida. Marekani nayo ilitoa tangazo la namna hiyo tarehe 3 Aprili 2020 kuhusu ndege zinazoingia na kutoka huko. Muulize wakala huyo, kwa heshima, akuonyeshe sheria anayoisema. Na kwa kuwa tiketi ilinunuliwa kwake, kuna uwezekano kwamba fedha zitapitia kwake, kwa hiyo mwandikieni yeye na shirika kwa pamoja, mkiambatanisha risiti na ujumbe uliotangaza kufutwa kwa safari.

Lakini angalia vizuri ni nani aliyefuta. Kama ndege iliruka na binti ndiye aliyeshindwa kusafiri, ama kwa kuogopa ugonjwa, ama kwa sababu nchi ilifunga mlango kwa Waganda, kanuni hiyo haimlindi, na kinachobaki ni masharti ya tiketi yenyewe. Tiketi ya bei ya chini mara nyingi hairudishwi, na hapo mtu anakula hasara isiyo na mkosaji. Wakati wa mlipuko, tunaona ni afadhali kulipa zaidi kidogo kwa tiketi inayobadilishika tarehe kuliko kununua bima ya safari bila kuisoma, kwa maana bima nyingi hazilipi hasara inayotokana na jambo ambalo tayari lilikuwa limetangazwa siku ile ya kuinunua.

Mhariri, kadi yangu ya njano imeandikwa kwamba inaisha baada ya miaka kumi. Je, nichanjwe tena?

Hapana. Tangu tarehe 11 Julai 2016, cheti cha chanjo ya homa ya manjano kinatambuliwa kwa maisha yote ya mwenye nacho, na hilo linahusu hata kadi za zamani zilizoandikwa miaka kumi. Anayechanjwa kwa mara ya kwanza akumbuke kwamba cheti huanza kutambuliwa siku kumi baada ya sindano, kwa hiyo kuchanjwa siku moja kabla ya safari hakusaidii. Kadi hii ni ya wakati wote, iwe kuna janga au hakuna.

Bwana Mhariri, mwaka 2021 niliporudi nyumbani nilitozwa dola kwenye uwanja wa Entebbe ili nipimwe, ilhali nilikuwa na cheti halali mkononi. Je, ilikuwa haki kumtoza raia anayerudi kwao? — Msomaji, Bombo

Swali hili linahitaji kutenganisha sheria na mazoea. Septemba 2021, wote walioshuka Entebbe walianza kupimwa kwa lazima kwa gharama ya dola 65. Baada ya malalamiko mengi ada ilishushwa hadi dola 30 mwezi Oktoba, na Februari 2022 sharti lenyewe likaondolewa. Sababu iliyotolewa ilikuwa vyeti vya kughushi na aina mpya za virusi, na hatusemi kwamba hofu hiyo ilikuwa ya bure. Vyeti vya bandia vilikuwapo, na kila aliyenunua kimoja alichangia ada hiyo.

Hata hivyo Kanuni za Kimataifa za Afya za mwaka 2005, ambazo Uganda imezikubali pamoja na karibu mataifa yote, zinasema katika Kifungu cha 40 kwamba msafiri hatozwi kwa uchunguzi wa kitabibu unaofanywa ili kujua hali yake ya afya, wala kwa kutengwa au kuwekwa karantini. Wanaoachwa nje ya ulinzi huo ni wale wanaokuja kutafuta ukaazi. Ukikisoma kifungu hicho, utaona kwamba nchi nyingi, tajiri na maskini, zilikikanyaga, ikiwamo Uingereza iliyowatoza wasafiri wa orodha nyekundu gharama zote za karantini ya hotelini. Tatizo ni kwamba kanuni hizo hazina polisi. Shirika la Afya Duniani linaweza kuuliza na kushauri, lakini haliwezi kukurudishia dola zako.

Kifungu kingine kinachofaa kukumbukwa ni cha 32. Kinaitaka nchi inayomzuia msafiri kwa sababu za afya imtendee kwa heshima na utu, na impe chakula, maji, malazi na matibabu yanayohitajika. Hilo unaweza kulidai palepale uwanjani, kwa sauti ya kawaida, bila kungoja mahakama.

Mhariri, je, rubani anaweza kumshusha mtu kwa kukataa barakoa?

Anaweza. Mkataba wa Tokyo wa mwaka 1963 unampa kiongozi wa ndege mamlaka ya kuchukua hatua za kulinda usalama na utulivu ndani ya ndege, ikiwamo kumshusha anayeuvuruga. Umri wa watoto wanaosamehewa ulitofautiana: Marekani ilisamehe walio chini ya miaka miwili, na kwingine ilikuwa chini ya sita, kwa hiyo mzazi aulize shirika husika. Wapo wanaosema kwamba barakoa haikuwa na maana kwa kuwa hewa ya ndege husafishwa. Ni kweli kwamba vichujio vya ndege kubwa za kisasa hunasa zaidi ya asilimia 99 ya chembe ndogo, lakini hewa ya jirani anayekukoholea hukufikia wewe kabla ya kufika kwenye kichujio.

Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi kutoka Mubende. Mwaka 2022 tulifungiwa wilaya kwa sababu ya Ebola, nikakosa safari ya nje. Mlipuko ukitokea tena nikiwa na tiketi mkononi, nifanye nini?

Ndugu yangu, Ebola hupimwa kwa siku, na siku zenyewe ni 21, yaani muda mrefu kabisa ambao ugonjwa huweza kujificha mwilini. Hesabu hiyo utaikuta kila mahali. Oktoba 2022, Mubende na jirani yake Kassanda zilipofungwa, Marekani iliamuru kwamba yeyote aliyekuwa Uganda ndani ya siku 21 zilizotangulia ashukie katika viwanja vitano tu: JFK wa New York, Newark, Dulles wa Washington, Atlanta na O'Hare wa Chicago, ambako alipimwa joto na kuhojiwa. Aliyekuwa na tiketi ya kushukia mji mwingine ilibidi apangiwe njia upya. Shirika la Afya Duniani halikushauri kufunga safari, na Entebbe iliendelea kufanya kazi huku abiria wanaoondoka wakipimwa joto.

Ukikutana na mgonjwa, au ukiwekwa kwenye orodha ya waliokutana naye, usisafiri, hata ukijisikia mzima kabisa. Hilo halina mjadala, na anayemeza dawa ya kushusha homa ili apite kwenye kipima joto anawahatarisha wote watakaoketi karibu naye. Kama hukukutana na yeyote, lakini wilaya yako imefungwa, wasiliana mapema na shirika la ndege na chuo chako kwa maandishi, ukiambatanisha tangazo la serikali, kwa sababu anayeomba kuahirisha kabla ya siku ya safari husikilizwa kuliko anayeonekana tu kwamba hakutokea. Na kama ulikuwa kwenye orodha, ukimaliza siku zako 21, omba katika ofisi ya afya ya wilaya barua inayoonyesha tarehe uliyoanza kufuatiliwa na tarehe uliyoachiliwa, kisha ndipo upange tarehe mpya ya safari.