Stempu Nyingine Hazitaki Maji

Kila nikiletewa boksi la barua za zamani, swali la kwanza huwa lilelile: "Hizi stempu niziloweke kwa muda gani ili zibanduke kwenye bahasha?" Jibu langu huwaudhi wengi. Weka beseni pembeni kwanza, tuziangalie moja moja.

Si kwamba maji ni sumu. Zile stempu ndogo za Kenya, Uganda na Tanganyika zenye kichwa cha Mfalme George wa Sita, zinazojaa kila boksi, huachia bahasha bila matata. Taabu iko kwa zile ambazo waliozichapa walikusudia kabisa zisipone zikiingia majini.

Mwaka 1840 Uingereza ilitoa stempu ya kwanza duniani, nyeusi, ya peni moja. Ilipigwa mhuri mwekundu, na watu wakagundua mhuri ule unafutika, stempu ikarudi kazini bure. Mwaka 1841 rangi zikabadilishana: stempu nyekundu, mhuri mweusi. Baadaye serikali ikaenda mbali zaidi, ikataka wino wa stempu yenyewe uchuje, ili anayesafisha mhuri aiharibu na stempu. Za zambarau na kijani za 1883 na 1884 ndizo maarufu kwa hilo. Kijani chake kikilowa hupauka na kuingia umanjano, na hakuna dawa ya kukirudisha.

Ujanja huo ulifika mpaka kwetu. Stempu za East Africa and Uganda Protectorates (Kenya na Uganda za wakati wa ukoloni) zenye sura ya George wa Tano, zile za thamani kubwa, zilichapwa kwenye karatasi iliyopakwa chaki. Wino umekaa juu ya chaki, haukuzama. Ukiilowesha halafu ukaipitisha kidole, unabaki na kipande cha uso wa mfalme kwenye ngozi yako. Ukiwa na shaka kuhusu karatasi, ihesabu kuwa ni ya chaki.

Vivyo hivyo kwa stempu zilizogongwa maandishi ya pili kwa mkono: za Mafia baada ya Waingereza kukiteka kisiwa mwaka 1915, au za Zanzibar zilizogongwa "JAMHURI 1964" baada ya Mapinduzi. Thamani yote iko kwenye wino ule wa juu. Wino wa mihuri, hasa wa zambarau, huchuja upesi, na za Mafia zimeghushiwa sana, kwa hiyo mtu wa kuzithibitisha anataka auone kama ulivyogongwa.

Bahasha nazo zina yao. Nyekundu na ya kahawia huchuja kama kanga mpya, na stempu zote za beseni hilo hutoka na madoa.

Lakini hasara kubwa zaidi niliyoiona haikuletwa na wino. Jamaa mmoja alinijia na kopo la stempu safi kabisa, zimebanduliwa kwenye barua za baba yake aliyefanya kazi mikoani. Bahasha alishazichoma. Stempu zile huuzwa kwa mafungu. Kilichokuwa adimu ni bahasha nzima yenye mhuri unaosomeka wa posta ndogo, tarehe na anwani. Bahasha nzima ya kabla ya Uhuru mimi siigusi kwa mkasi wala maji.

Na stempu ambayo haijatumika haioshwi. Gundi ya nyuma ni sehemu ya bei yake.

Kwa zile za kawaida zilizobaki: maji ya baridi au vuguvugu kidogo, chache kwa wakati mmoja. Subiri karatasi iachie yenyewe. Ikigoma, bandua karatasi kutoka kwenye stempu, usivute stempu, maana stempu mbichi hukatika kwenye meno yake ya ukingoni. Suuza gundi iishe, laza kifudifudi kwenye karatasi nyeupe kivulini, kisha zikishakauka ziweke chini ya kitabu kizito. Sisi wa pwani tuhakikishe zimekauka kweli. Unyevu ukibaki, kuvu huingia kwenye albamu nzima.

Zile za kujibandika zenyewe, zinazokuja na barua za ndugu walioko Marekani au Uingereza, ni habari nyingine. Nyingi za miaka ya karibuni haziachii hata zikilala majini, na za Uingereza zina mikato ya makusudi ili zichanike zikibanduliwa. Kata bahasha kuizunguka, acha ukingo wa sentimita moja hivi, uihifadhi hivyohivyo.