Maswali ya Wasomaji: Chuo Kwanza au Karakana ya Mjomba?

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu alimaliza kidato cha nne hapa Mafinga akapata C ya Fizikia, na D katika Hisabati, Kemia, Kiswahili na Jiografia. Anataka kuwa fundi wa mitambo ya kiwandani. Kaka yangu, mwenye karakana ya kutengeneza mashine za kupasulia mbao, anasema chuo ni kupoteza miaka mitatu kwa kuwa yeye atamfundisha kazi yote ndani ya mwaka mmoja. Baba yake mtoto anataka aende chuo. Nimsikilize nani? — Mama wa Mafinga

JIBU: Mama, kaka yako na mumeo wanazungumzia kazi mbili tofauti, na hapo ndipo pa kuanzia. Kiwandani kuna fundi mchundo, ambaye hufanya kwa mikono yake kazi aliyoelekezwa, na kuna fundi sanifu, ambaye hutafuta chanzo cha hitilafu, husoma michoro, hupiga hesabu na kuwasimamia mafundi wenzake chini ya mhandisi. Karakana peke yake inaweza kumfikisha kijana kwenye kazi ya kwanza, nami nawaheshimu sana mafundi waliopita njia hiyo. Ya pili ni vigumu mno kuifikia bila darasa.

Chukua mfano wa viwanda vya chai vya Mufindi, jirani zako. Feni ya kukaushia majani huzungushwa na mota kwa mkanda. Ikiwa mota inazunguka mara 1,450 kwa dakika, puli yake, yaani gurudumu linaloshika mkanda, ina kipenyo cha milimita 100 na puli ya feni ina milimita 200, basi feni itazunguka mara 725. Siku puli ya mota inavunjika, fundi anaweka ya milimita 80 kwa sababu ndiyo iliyokuwepo stoo na imeingia vizuri kwenye shafti. Kwa macho ya mtu yeyote feni inazunguka kama jana, kumbe mizunguko imeshuka hadi 580, upepo umepungua kwa takriban sehemu moja kati ya tano, na majani yanatoka na unyevu. Atalaumiwa mwenye boila inayotoa joto la kukaushia, kuni zitaongezwa, na hakuna atakayeitazama ile puli. Hesabu yenyewe ni kuzidisha na kugawanya tu, lakini sharti mtu awe amefundishwa kuiuliza.

Hata hivyo, kaka yako naye ana hoja nzito. Katika miaka yangu ya kazi nimewapokea vijana wenye stashahada ambao hawajawahi kusikia beringi inayokaribia kufa inavyolia, wala hawajui kwamba bolti ikikazwa kupita kiasi hukatika kama ilivyo rahisi kulegea isipokazwa vya kutosha. Mambo haya hayaandikwi ubaoni yakaeleweka. Mkono huyajifunza kwa kurudia.

Kwa hiyo mwanao apite kote kuwili. Kwa matokeo yake anaweza kuomba stashahada ya uhandisi mitambo, kwani kigezo cha kawaida ni ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, na vyuo vya ufundi hutazama zaidi Hisabati na Fizikia. Masomo hayo huchukua miaka mitatu, kuanzia ngazi ya 4 hadi ya 6 ya tuzo za ufundi. Karibu nanyi kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kilichoanza mwaka 1986 kama Chuo cha Ufundi Mbeya na ambacho hadi leo kinafundisha stashahada. Akikosa nafasi, vyuo vya VETA (Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi) vya Iringa na Mbeya hufundisha ufundi kwa ngazi tatu, na mwenye Ngazi ya III pamoja na cheti cha kidato cha nne bado anaweza kupanda kuelekea stashahada. Njia hiyo ni ndefu zaidi, lakini haina aibu yoyote.

Kuhusu uanagenzi, msiuchanganye na yale majuma machache ya mafunzo kwa vitendo ambayo kila mwanachuo hupelekwa. Mwanagenzi hujifunza kazini kwa muda mrefu, chini ya fundi maalumu, kwa makubaliano. Serikali ilitoa mwongozo wa uanagenzi mwaka 2017, nanyi msikubali makubaliano ya mdomo, hata kwa mjomba: yaandikwe muda, fundi atakayemsimamia, kazi atakazofundishwa, posho kama ipo, na nani atagharamia matibabu akiumia. Awe na daftari la kazi linalosainiwa kila wiki, maana mwajiri wa kesho hataweza kuiona karakana ya mjomba, ila daftari ataliona.

Wakati wa kusubiri chuo, na kila likizo, aende kwa mjomba. Namwomba mjomba huyo amfundishe kwanza kupima: kalipa inayosoma milimita 0.02, kisha mikromita inayosoma 0.01. Halafu, kabla hajagusa msumeno wowote, amzoeze kuzima swichi kuu, kuifunga kwa kufuli na kutembea na ufunguo mfukoni mwake mwenyewe. Nimemwona kijana akipoteza vidole viwili kwa sababu mwenzake aliwasha mashine bila kujua kuna mtu ndani yake, na sijaweza kuisahau siku ile.

SWALI: Nina miaka sita katika karakana hapa Uyole, nakereza vyuma na kuchomelea, lakini sina cheti na kila kiwanda kinanikataa. Je, ni lazima nianze upya? — Fundi wa Uyole

JIBU: Hapana, ndugu yangu. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini: unapimwa kwa kazi unayoijua, unafundishwa pale palipopungua, kisha unapewa cheti. Fika chuo cha VETA Mbeya uulize awamu inayofuata, na uende na picha za kazi ulizofanya pamoja na barua ya mwenye karakana inayotaja miaka yako na mashine ulizozitumia.