Kupanda ukoka kwa mbegu na joto hili la Januari: kama maji unayo, usisubiri masika

Mkuu umesema una kama mita za mraba 100 hapo Mbezi, mbegu ya ukoka unayo tayari ila majirani wanakwambia subiri masika. Mimi nakwambia kama una maji ya uhakika mwaga sasa hivi, kwangu Kigamboni bustani yote ya mbele niliiotesha kwa mbegu kipindi hiki hiki cha jua kali.

Ukoka ni jani la joto, udongo ukiwa nyuzi 24 mpaka 32 hivi ndio linaota vizuri, na Dar saa hizi ndio hapo hapo. Masika shida yake ni kwamba mbegu zenyewe ni ndogo mno, ikipiga mvua moja ya nguvu inazisomba zote unakuja kuzikuta zimejazana kwenye mfereji. Ukipanda sasa mvua za Machi zinakuta mizizi imeshashika. Na elewa kitu kimoja, kinachoua mbegu sio joto, ni ule udongo wa juu kabisa kukauka. Mbegu ikishapasuka ikatoa kimzizi halafu ukaiacha ikaukiwa mchana mmoja tu, hiyo imekufa, hata umwage pipa zima hairudi.

Ila angalia pakiti yako kwanza. Kama imeandikwa Bermuda au Cynodon dactylon uko sawa, kama ni Ryegrass au Fescue hizo ni za nchi za baridi, zitaota zikupe moyo halafu jua la Dar linazimaliza. Hata nyasi za kikuyu zile unazoziona zimependeza Arusha na Nairobi huku pwani zinateseka.

Kuandaa eneo usiwe na haraka, hasa kama kuna magugu ya ndago. Lima, mwagilia eneo likiwa tupu, ziache ziote kisha chimbua mpaka utoe vile vitunguu vyake vya chini, ukikwatua juu juu tu zinarudi nyingi zaidi. Samadi iwe imeoza vizuri, mbichi inaunguza na inakuletea magugu ya kila aina. Kwetu ni mchanga mtupu maji hayakai kabisa kwa hiyo samadi niliweka nyingi na nikachanganya na udongo mwekundu. Sawazisha kwa reki, mwagilia ushuke, sawazisha tena.

Mbegu hesabu gramu 5 mpaka 10 kwa mita ya mraba, kwa eneo lako ni nusu kilo mpaka kilo moja. Changanya na mchanga mkavu zisirundikane sehemu moja, gawa mara mbili, nusu unamwaga ukienda urefu na nusu ukikatiza upana. Pitisha reki kwa mgongo kidogo tu, zisizame kuzidi nusu sentimita, kisha kandamiza kwa ubao au biringisha pipa dogo lenye maji ili mbegu igusane na udongo. Juu tandaza nyasi kavu nyepesi, ukichungulia udongo uwe bado unauona. Sisimizi nao waangalie maana wanabeba mbegu kweli kweli.

Sasa maji, hapa ndio kila kitu. Wiki mbili tatu za mwanzo ni kidogo kidogo mara nyingi, saa kumi na mbili asubuhi, saa tano, saa nane, saa kumi jioni, mpira uwe na kichwa cha manyunyu, usielekeze bomba wazi maana linachimba mashimo. Wanaosema ukimwagilia mchana mbegu zinaungua achana nao, mchana ndio zinahitaji zaidi. Angalia rangi, udongo ukianza kupauka umechelewa. Usiku usilowanishe sana, ukungu unaingia. Kuanzia kama siku ya kumi chuchumaa asubuhi ukielekea jua utaona vitu kama sindano za kijani nyembamba sana, ukiwa umesimama huzioni kabisa, na wengi ndio wanakata tamaa hapo wanaacha kumwagilia. Zingine zinachelewa mpaka wiki ya tatu, vumilia.

Zikishaota vizuri badilisha, punguza mara ila maji yawe mengi yazame chini, mizizi iyafuate. Mbolea ya Urea kidogo baada ya wiki tano sita, jani likiwa kavu, na mwagilia hapo hapo. Kukata subiri zifike kama sentimita 6, kisu kiwe kikali, toa theluthi tu ya urefu.

Halafu kama una mwembe hapo usimwage mbegu chini yake, ukoka hautaki kivuli kabisa. Hapo tafuta nyasi inayoitwa pemba, ile ya majani mapana, unapandikiza vipande na kivuli inakivumilia.